Presha ya Rais na Bonge la Damu

Tarehe 27 Machi 1944, daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Rais Franklin Roosevelt katika hospitali ya Jeshi la Majini huko Bethesda, jirani na Washington. Alikuta presha ya 186 kwa 108, moyo uliotanuka na mapafu yenye dalili za kujaa maji. Daktari mkuu wa Ikulu, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa pua, masikio na koo, na kwa muda mrefu alikuwa akiwaambia waandishi wa habari kwamba Rais ni mzima kwa mtu wa umri wake. Bruenn akatakiwa majibu ayapeleke kwa McIntire, si kwa mgonjwa. Mgonjwa naye hakuuliza kitu.

Tiba ilikuwa ile iliyokuwepo: dijitalisi ya kuupa moyo nguvu, chumvi kidogo mezani, sigara chache, kulala mapema. Dawa ya maana ya kuishusha presha yenyewe haikuwepo. Mwaka ukapita Roosevelt akiendesha vita, akagombea muhula wa nne, akasafiri hadi Yalta Februari 1945 kukutana na Churchill na Stalin. Mchana wa Aprili 12, 1945, alikuwa kwenye nyumba yake ya mapumziko Warm Springs, jimbo la Georgia, ameketi na makaratasi yake huku mchoraji Elizabeth Shoumatoff akimchora. Saa saba na ushei alilalamika kwamba kisogo kinamuuma vibaya mno, akazimia palepale kitini. Bruenn alipofika na kumfunga kipimo mkononi, alisoma zaidi ya 300 kwa 190. Saa tisa na dakika 35 Rais alikuwa amekata roho, akiwa na miaka 63. Mshipa ulikuwa umepasuka ubongoni.

Tusimlaumu McIntire peke yake. Hata kama dawa zingekuwepo, wakubwa wengi wa udaktari wa zama hizo wasingezitoa. Walifundishwa kwamba mishipa ya mtu mzima ikikakamaa, presha hupanda ili damu ipate kupita. Kuishusha ni kuunyima ubongo chakula chake. Hiyo haikuwa imani ya vijiweni, ilikuwa imani ya maprofesa, na iling'oka polepole, kwa hesabu. Juni 1948 Truman, aliyerithi kiti cha Roosevelt, alitia saini sheria ya kugharimia utafiti wa magonjwa ya moyo, na mwaka huohuo mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, ukaanza kufuatiliwa. Wakazi 5,209 walipimwa kila baada ya miaka miwili ili ijulikane nani ataugua nini, na kwa nini. Kadiri miaka ilivyosonga, presha ilijitokeza wazi kuwa chanzo kikubwa cha kiharusi kuliko kingine chochote.

Lakini kufuatilia si kutibu. Aliyelimaliza jambo ni Edward Freis, daktari wa hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Washington. Alikusanya wanaume 143 ambao namba yao ya chini ya presha ilikuwa kati ya 115 na 129. Takriban nusu yao walipewa dawa tatu za kweli, mojawapo ikiwa reserpini, iliyotokana na mzizi ambao waganga wa India waliutumia tangu zamani. Waliobaki walipewa vidonge vitupu vinavyofanana nazo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Upande wa vidonge vitupu, waliopatwa na balaa kubwa, yaani kifo, kiharusi, moyo au figo kushindwa kazi na mfano wa hayo, walikuwa 27. Upande wa dawa walikuwa wawili. Ni nadra utafiti wa tiba kutoa jibu lililonyooka namna hiyo kwa watu wachache kiasi hicho. Mwaka 1991 utafiti mwingine wa Marekani, wa watu 4,736 waliofikisha miaka 60 au zaidi, ulionyesha kwamba hata mzee ambaye namba ya juu tu ndiyo imepanda, akipewa kidonge cha bei ndogo cha kumkojoza, hatari yake ya kupata kiharusi inapungua kwa asilimia 36.

Kwa hiyo, namna ya kuzuia viharusi vingi ilijulikana mapema. Aliyekwisha kuanguka ndiye hakuwa na mtetezi. Hadi miaka ya 1980, mgonjwa wa kiharusi aliyefikishwa hospitali katika nchi tajiri alilazwa, akageuzwageuzwa asipate vidonda, akasubiri Mungu aamue. Madaktari walikuwa na sababu. Kiharusi cha Roosevelt, cha mshipa kupasuka, ndicho cha wachache; walio wengi mshipa wao huziba kwa bonge la damu. Kwa nje hali hizi mbili hufanana mno: mdomo umepinda, mkono umelegea, ulimi mzito. Dawa ya kuyeyusha bonge ingeweza kumwokoa mmoja na kumuua mwenzake, na mwanzoni hapakuwa na njia nyepesi ya kuchungulia ndani ya fuvu na kujua nani ni nani.

Dirisha hilo lilifunguliwa Oktoba 1, 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, mgonjwa wa kwanza alipochukuliwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT. Mbunifu wake, Godfrey Hounsfield, hakuwa daktari wala hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa mhandisi wa EMI, kampuni iliyojulikana zaidi kwa kurekodi muziki. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kufikiriwa kando na Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini, aliyeanza kuzitafakari alipokuwa akisaidia kitengo cha mionzi cha hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwenye picha ya CT damu iliyovuja huonekana nyeupe, na swali la nani amepasuka na nani ameziba likawa la dakika chache.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: je, kuna kitu cha kuokoa? Ubongo ukikosa damu dakika chache tu seli zinakufa, kila mwanafunzi wa udaktari alilijua hilo. Sasa mgonjwa anayefika baada ya saa mbili anatibiwa nini? Jibu lilitoka kwa nyani, kwenye maabara ya Lindsay Symon huko Queen Square, London. Yeye na wenzake, akiwemo Jens Astrup wa Denmark, waliupunguza mtiririko wa damu ubongoni kidogo kidogo huku wakipima umeme wa seli. Mwaka 1977 waliripoti kwamba kuna vizingiti viwili. Damu ikishuka hadi kizingiti cha kwanza, seli hunyamaza: hazitumi ujumbe, na mkono haunyanyuki. Lakini hazijafa. Ni mpaka damu ishuke chini zaidi, kwenye kizingiti cha pili, ndipo seli hupoteza madini yake na kufa kweli. Maana yake ni kwamba kukizunguka kile kiini kidogo cha seli zilizokufa kuna eneo pana lililo kimya, linaloponea damu ya mishipa ya pembeni kama shamba linalopata maji ya mtaro wa jirani. Damu ikirudi upesi, eneo hilo linaamka. Ikichelewa, nalo linakwenda.

Kwa maoni yangu, huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika habari hii, ingawa hakuna mgonjwa aliyepona siku ile. Kila kilichofuata kimeegemea hapo.

Dawa yenyewe ilikuwa ikipikwa Ubelgiji. Katika mji wa Leuven, Désiré Collen na Dingeman Rijken walifanikiwa kuitenga protini ambayo mwili wenyewe huitumia kuyeyusha damu iliyoganda, wakiivuna kutoka kwenye seli za saratani ya ngozi ambazo kwa bahati huizalisha kwa wingi. Kampuni ya Genentech ya California ikaipandikiza jeni yake kwenye seli nyingine ili itengenezwe kiwandani, na ilipofika 1987 dawa hiyo, inayoitwa tPA kwa kifupi, iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo. Mwaka 1985 Justin Zivin alikuwa ameshaijaribu kwa sungura waliorushiwa mabonge ya damu ubongoni, na waliotibiwa mapema walinusurika na ulemavu.

Kilichobaki ni binadamu, na hapo ndipo saa ilipoingia wodini. Thomas Brott na wenzake wa Cincinnati walianza majaribio ya awali mwishoni mwa miaka ya 1980, na Taasisi ya Taifa ya Mishipa ya Fahamu ya Marekani, ikiongozwa katika jambo hili na John Marler, ikang'ang'ania sharti lililowafanya wengi watikise kichwa: nusu ya wagonjwa watibiwe ndani ya dakika 90 tangu dalili ianze, na waliobaki wasivuke dakika 180. Hebu fikiria dakika 90 zinavyoliwa. Mtu aanguke, jirani aitwe, gari lipatikane, mapokezi yapitwe, presha ipimwe, picha ya CT ipigwe na isomwe, ndugu waelezwe na kukubali, dawa ichanganywe kwa uzito wa mgonjwa, miligramu 0.9 kwa kila kilo, sehemu ya kumi ikisukumwa kwa sindano na iliyobaki ikitiririka kwa dripu ya saa nzima. Hospitali ambamo mgonjwa wa kiharusi alikuwa akiwekwa pembeni ilibidi zipangwe upya, kuanzia dereva wa gari la wagonjwa hadi mwenye funguo za duka la dawa.

Matokeo yalichapishwa Desemba 14, 1995, katika jarida la tiba la New England. Wagonjwa walikuwa 624. Miezi mitatu baada ya kiharusi, waliopata dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana. Bei yake ilikuwa damu: asilimia 6.4 ya waliopewa dawa walivuja damu ubongoni kwa kiasi cha kuwadhuru, dhidi ya asilimia 0.6 ya wenzao. Hata hivyo, vifo havikuongezeka. Juni 1996 serikali ya Marekani iliipitisha dawa, na mabishano yakaanza. Madaktari wa idara za dharura, ambao ndio wangeishika sindano, waliona wanaombwa wampe mtu dawa ambayo kwa mmoja kati ya kumi na sita ingeweza kumwaga damu kichwani mwake mbele ya macho yao. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ilichukua miaka mingi na tafiti nyingine kuipunguza, ukiwemo ule wa Ulaya wa mwaka 2008 ulioisogeza mipaka hadi saa nne na nusu. Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu mwaka 2006 akapata kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Namba hiyo imenukuliwa mara nyingi tangu hapo.

Mabonge makubwa, hata hivyo, hayakuyeyuka kirahisi. Wakaja waliosema: kama haliyeyuki, livutwe. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa paja, ukapandishwa kifuani, ukapita shingoni hadi kichwani, huku daktari akiufuata kwenye skrini. Kifaa cha kwanza, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2004, kilikuwa na ncha iliyojisokota kama kizibuo cha chupa. Kilivuta mabonge kweli, lakini je, wagonjwa walipona zaidi? Februari 2013, kwenye mkutano wa Honolulu, tafiti tatu zilisomwa siku zilezile, na zote tatu zikasema hapana. Wengi walidhani habari imeishia hapo.

Waholanzi hawakudhani hivyo. Nchini kwao bima ilikubali kulipia uvutaji wa bonge kwa sharti moja tu, kwamba mgonjwa awe ndani ya utafiti, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa nyuma wa kumpitishia mgonjwa "mzuri" nje ya hesabu. Hospitali 16 ziliandikisha watu 500. Kifaa nacho kilikuwa kimebadilika: wavu mdogo wa waya unaofunguliwa katikati ya bonge, ukaachwa dakika chache ushikane nalo, kisha ukarudishwa nyuma pamoja nalo. Oktoba 2014 matokeo yalitangazwa Istanbul. Waliovutwa bonge, asilimia 32.6 waliweza kujitegemea baada ya miezi mitatu. Waliopata matibabu ya kawaida, asilimia 19.1. Tafiti nyingine zilizokuwa zikiendelea kwingineko zilisimamishwa kabla ya wakati, zikafungua vitabu vyao, na zote zikasema hivyohivyo. Miaka mitatu baadaye wazo la nyani wa Queen Square lilirudi kwa kishindo: utafiti uitwao DAWN ulichagua wagonjwa ambao ulemavu wao ulikuwa mkubwa kuliko eneo lililokufa kwenye picha, ishara kwamba eneo kubwa bado liko kimya tu, ukawatibu kati ya saa sita na saa 24 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho. Waliojitegemea walikuwa asilimia 49 dhidi ya 13. Saa ya ukutani haikuwa tena ndiyo hakimu pekee.

Kumbe wakati Cincinnati wakihesabu dakika, huku kwetu kulikuwa na watu wakihesabu makaburi. Kuanzia mwaka 1992 mradi mmoja wa Wizara ya Afya ya Tanzania na watafiti wa Newcastle, Uingereza, ulifuatilia vifo vya watu wazima katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wengi hufia nyumbani bila cheti, kwa hiyo aliyefundishwa kazi alikwenda kwa wafiwa baada ya matanga, akaketi nao, akauliza taratibu: aliugua ghafla au polepole? Upande mmoja ulilegea? Maneno yalitoka? Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka 65 kati ya kila 100,000 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro Vijijini. Uingereza na Wales walikuwa karibu 11.

Miaka mitatu baadaye, Juni 2003, Richard Walker, daktari wa wazee kutoka kaskazini mwa Uingereza, alianza pamoja na wenzake wa Kitanzania, akiwemo Ferdinand Mugusi wa Muhimbili, kuhesabu si waliokufa tu bali kila aliyepata kiharusi. Kwa miaka mitatu walipata 636: Hai, kwenye watu wapatao 160,000, walikuwa 453, katika maeneo ya Dar, kwenye watu wapatao 56,000, walikuwa 183. Ukirekebisha hesabu kwa umri, maana Dar imejaa vijana, inakuwa wagonjwa wapya 316 kwa mwaka kati ya watu 100,000 jijini, na 109 Hai. Kiwango hicho cha Dar kilizidi vingi vilivyopimwa katika nchi tajiri. Walipolinganisha wagonjwa 200 na wasiougua 398, yakajitokeza presha, sigara, kisukari na mafuta mabaya kwenye damu; na Dar, virusi vya UKIMWI navyo vilikuwa na mkono wao.

Mtafiti Gerry Mshana na wenzake waliuliza watu wenyewe wanadhani kiharusi kinatoka wapi. Mtu angetegemea mjini waseme presha na kijijini waseme mapepo. Ilikuwa kinyume. Dar es Salaam ndiko wengi walikotaja majini na uchawi, na kwa mganga ndiko walikoanzia. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Nadhani tunaosoma tumezoea mno kumwekea mwanakijiji maneno mdomoni.

Dripu ya tPA na wavu wa waya vitafika, vimeshaanza kufika katika baadhi ya hospitali kubwa za Afrika Mashariki. Lakini kuna tiba isiyongoja mashine. Mwaka 1993 watafiti walijumlisha majaribio yaliyokwisha kufanywa wakaona kwamba kumlaza mgonjwa kwenye wodi ya kiharusi peke yake, pamoja na wauguzi waliobobea, kunapunguza vifo. Hakuna muujiza ndani yake. Muuguzi anajua, kwa mfano, kwamba kabla ya kumnywesha mgonjwa uji ni lazima ajaribiwe kumeza kwa maji kidogo, kwa sababu koo lililopooza huupeleka uji mapafuni, na nimonia humaliza walioachwa na kiharusi. Haraka nayo ina mipaka: utafiti wa watu 2,104 uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Baadaye ndipo kazi huanza. Edward Taub, aliyewahi kushtakiwa kwa hali ya nyani wa maabara yake huko Silver Spring, alikuwa ameona kwamba mnyama huuacha mkono dhaifu kwa mazoea kuliko kwa kushindwa. Ukifungwa ule mzima, ule mbovu hulazimika kujifunza. Mwaka 2006 wagonjwa 222, miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi, waliingia kwenye jaribio la mbinu hiyo: mkono mzima ulivishwa glovu nzito karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, pamoja na mazoezi. Waliovishwa waliutumia zaidi mkono dhaifu kuliko wenzao, na faida ilidumu mwaka mzima.

Wanaosahaulika ni watoto. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi kabla hajaanza shule, kwa sababu chembe zake za damu huharibu mishipa mikubwa ya kichwa hadi inakuwa myembamba, na damu ikipita penye wembamba hukimbia. Robert Adams wa Augusta, Georgia, alitumia kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa kwenye upande wa paji la uso kupima kasi hiyo. Watoto 130 waliozidi sentimita 200 kwa sekunde waligawanywa. Waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara, mmoja alipata kiharusi, waliobaki, 11. Utafiti ulisimamishwa mwaka 1997 kabla ya muda wake, ili wote waongezewe. Kwa nchi yenye uhaba wa damu salama, habari hiyo njema ilikuwa haishikiki: kila mwezi, kwa miaka, chupa hiyo itoke wapi?

Ndiyo maana hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, ilichukua njia nyingine. Wapimaji wa hapohapo walifundishwa kipimo cha Adams, watoto wakaitwa wapimwe kasi, na wale ambao damu yao ilikuwa ikikaribia mwendo wa hatari wakaanzishiwa hidroksiyurea, kidonge cha zamani cha saratani ambacho humfanya mtoto atengeneze tena damu ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, isiyojikunja. Kinamezwa nyumbani mara moja kwa siku, na vipimo vya damu hufuatiliwa kliniki. Mwaka mmoja baadaye watoto hao walipopimwa tena, kasi ilikuwa imeshuka.